Kilo Sita za Mama Gyuho

Tak Okja alikuwa na duka la vitoweo katika soko la mji wa Gwangyang kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu chake kimekosa chumvi. Watu wa sokoni walimwita Mama Gyuho, kwa jina la mwanawe, na walimwogopa kidogo. Dagaa wake wa kukaanga kwa shira ya mchele, viazi vyake vya sosi ya soya, mizizi yake ya yungiyungi iliyong'aa kama imepakwa mafuta, vyote vilipimwa kwa ulimi wake mwenyewe. Mizani alikuwa nayo, lakini ilikaa juu ya kabati kushika vumbi.

Ndiyo maana mizani ya hospitali ilipomwambia mwezi wa Mei kwamba ana kilo sabini na tatu, aliitazama kwa dharau.

"Bibi, siwezi kukupasua magoti na uzito huu, na sukari ya damu nayo iko juu," daktari alisema. "Punguza kilo sita. Mwisho wa Agosti ukiwa umefika, Septemba nakuwekea magoti mapya. Usipofika, tutaonana mwakani."

"Sita tu?" Okja alimjibu. "Weka jina langu kwenye daftari lako kabisa."

Hakuwa akijigamba bure. Vuli iliyopita, siku ya kwenda kufyeka majani kwenye kaburi la mumewe, Gyuho alimbeba mgongoni kupanda kilima, mbele ya shemeji zake na watoto wao. Alifumba macho njia nzima. Mwanamke aliyebeba magunia ya kabichi tangu ujana, leo anabebwa kama mtoto mchanga! Aliposhushwa chini alikata kauli kwamba hilo halitatokea tena, na Okja akikata kauli amekata.

Basi akaanza. Wali akaugawa nusu. Alfajiri akawa anatembea ukingoni mwa mto na fimbo yake, akiwapita wazee wenzake kwa makusudi. Hata kahawa yake ya pakiti, ile nyembamba ndefu yenye maziwa na sukari ndani, ambayo alikunywa tano kwa siku, akaanza kuimimina huku amebana ncha kwa vidole ili sukari iliyokaa chini isitoke yote. Alibana, lakini hakubana sana.

Mkwewe Haerin, mke wa Gyuho na mama wa mjukuu wake Dani, aliyekuwa akimsaidia dukani mwaka wa nne sasa, akamletea pakiti ya unga mweupe.

"Mama, hii ni tamu kama sukari lakini haipandishi sukari ya damu. Wanaopunguza mwili wote wanatumia hii."

Okja aliishika kwa vidole viwili. "Mama Dani, unajua sisi tulikuwa tunatia nini kwenye mahindi ya kuchemsha nilipokuwa mdogo? Sakarini. Vidonge vidogo, vinaacha uchungu kwenye koo. Sukari ya kweli tuliiona mara moja, mama yangu alipewa kilo tatu za zawadi ya sikukuu. Hakuifungua. Akaizungushia karatasi mpya akampelekea mwalimu wangu."

"Pole, Mama."

"Sikutaka pole. Nakwambia tu kwamba niliapa, nyumbani kwangu italiwa sukari ya kweli. Sasa nimezeeka, nina duka, halafu nirudi kwenye sakarini?"

"Hii si sakarini, Mama. Inatoka kwenye majani."

"Majani wape ng'ombe," alisema Okja, na pakiti ikaenda juu ya kabati kuishi na mizani.

Juni ikaingia, na Juni huko ni mwezi wa plamu za kijani. Kila nyumba inanunua kwa kilo, inazipanga kwenye mitungi ya kioo pamoja na sukari sawa kwa sawa, na baada ya siku mia inapata shira ya kutia katika kila kitu, toka kachumbari hadi maji ya kunywa. Okja alikuwa akiwafundisha kazi hiyo wanawake wa soko zima. Lakini mwaka huo alikuwa amepungua nusu kilo tu, na aliposimama mbele ya mfuko wa sukari wa kilo kumi moyo wake ukasita. Huu wote, alijiuliza, ndio ninaokunywa mimi?

Akainua macho juu ya kabati. Akashusha pakiti, akasoma: tamu mara mia tatu kuliko sukari. Akapiga hesabu nyuma ya karatasi. Kilo kumi kugawa kwa mia tatu, gramu thelathini na tatu. Alicheka peke yake. Mbona rahisi hivi, na watu wanahangaika kubeba mifuko? Akapanga plamu kilo kumi, akanyunyiza vijiko vyake vichache, akafunga mtungi, akauweka dirishani kwa maringo.

Siku ya tatu plamu zilikuwa kavu vilevile. "Zinajivuta," alijiambia. Siku ya saba zilikuwa zimeota manyoya ya ukungu.

Aliyeziona kwanza ni Mama Seungmi, muuza dagaa na mwani wa duka la jirani, mtu ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite.

"We Mama Gyuho! Umeanza kufuga paka kwenye mtungi?"

"Ondoka dirishani kwangu."

"Ngoja niwaite wanafunzi wako waje kujifunza. Somo la leo, plamu zenye koti la baridi!"

Okja aliubeba mtungi mwenyewe hadi nyuma, magoti yakimwuma, akaumwaga wote. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Tangu utoto alijua kwamba sukari ndani ya mtungi haikai pale kwa ajili ya utamu peke yake. Ndiyo inayokamua maji ya tunda, ndiyo inayolilinda lisioze. Alijua hayo kama anavyojua jina lake, na bado alidanganyika na hesabu, kwa sababu ya uroho wa kutaka kilo zipungue bila ulimi kukosa kitu. Kesho yake alinunua plamu nyingine na sukari kilo kumi, akatengeneza mtungi kama ilivyo desturi, akamwambia Haerin, "Huu ni wenu. Mimi nisionekane karibu nao."

Ile pakiti ya majani nayo hakuitupa. Alianza kunywa kahawa nyeusi na chembe mbili za unga ule. Siku ya kwanza alikunja uso, siku ya nne akauzoea, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, hakukiri.

Mwisho wa Julai alikuwa amepungua kilo mbili na robo. Wali nusu, kahawa bila sukari, mto kila alfajiri, kilo mbili na robo! Alirudi dukani amevimba kwa ghadhabu, akachukua kijiko, akaonja viazi.

"Arobaini na moja," alisema Haerin.

"Nini?"

"Mama, usinikasirikie. Jana nilihesabu. Umeonja mara arobaini na moja toka asubuhi hadi tunafunga. Dagaa wenye shira, mizizi yenye shira, maharage meusi yenye sukari. Unakula wali nusu nyumbani, halafu hapa unakula sahani mbili kwa kijiko."

Mama Seungmi, upande wa pili wa ukuta mwembamba, aliacha hata kupanga mwani.

"Kwa hiyo nisionje," Okja alisema taratibu. "Duka liendeshwe kwa ulimi wa nani?"

Haerin alikitazama kijiko mkononi mwa mkwewe, na hapo Okja akaelewa, na ilimchoma. Miaka minne binti huyo alimenya, aliosha, alipakia, alipokea simu. Hakuruhusiwa kutia hata chumvi. "Bado anajifunza," Okja alikuwa akiwaambia wateja. Kumbe shida haikuwa sukari wala unga wa majani. Angeweza kuacha sukari, angeweza kula unga wa aina yoyote duniani. Alichokuwa akiombwa ni kijiko.

"Unakitaka sana, eh? Ulikuwa unakingojea."

"Nataka upasuliwe magoti, Mama. Hicho tu."

Siku mbili hawakuongea ila la lazima. Okja aliendelea kuonja, kwa ukaidi, na kila alipotia kijiko mdomoni alijisikia akihesabu mwenyewe. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Siku ya tatu, dagaa wakiwa jikoni, alikichovya, akakiinua, kisha akakigeuza, mpini ukimwelekea Haerin.

"Mama Dani. Onja. Kuna nini?"

Haerin alionja. "Shira imezidi, Mama. Si leo tu. Imezidi tangu mwaka jana."

Okja aliikodolea macho sufuria ya dagaa. Kisha akasema, "Basi punguza," akatoka nje kukaa kwenye kiti, maana angebaki ndani angeipunguza mwenyewe.

Tarehe ishirini na tisa Agosti mizani ya hospitali ilisoma kilo sitini na sita na gramu mia tisa. Daktari aliandika tarehe ya upasuaji, na Okja akamtazama kama mtu aliyeletewa mzigo alioulipia.

Alirudi dukani moja kwa moja. Mzee Bang, fundi saa ambaye amekula dagaa wa pale miaka ishirini, alikuwa akipakiliwa chakula.

"Mama Gyuho, hapo hapo! Wiki hizi umewafanya nini hawa dagaa? Mke wangu anasema hawajawahi kuwa watamu namna hii. Usije ukarudi kule nyuma, tafadhali."

Haerin aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kifuniko. Okja angeweza kutabasamu tu, na sifa ingekuwa yake kama ilivyokuwa siku zote. Maneno yale yalimkata, tena yalimkata mahali penyewe, ulimini. Akajivuta wima kwenye fimbo.

"Mimi sijafanya kitu. Huyu mkwe wangu ndiye anayeonja."

"Huyu? Si ulisema bado anajifunza?"

"Nilikosea," alisema Okja, na Mama Seungmi akachungulia toka upande wa pili wa ukuta, kwa sababu neno hilo halijawahi kusikika sokoni kutoka mdomo ule.

Mzee Bang alipoondoka, Haerin alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Mama, ukipona ukarudi, kijiko chako nitakurudishia."

"Thubutu," alisema Okja. "Nitakukimbiza nacho soko zima."