Habari Ambayo Bibi Minza Hakuimaliza

Pamba iliyotoka shambani ina harufu yake: vumbi, jua na majani makavu yaliyosagika. Msimu ule, nikiwa na miaka tisa, harufu hiyo ilijaa nyumba yetu nje kidogo ya Bariadi, kwa kuwa pamba ilirundikwa hadi chumbani tulikolala mimi na Bibi Minza, mama yake baba. Miaka yote Bibi ndiye aliyechambua. Aliketi uani juu ya turubai, akitenga pamba safi na fifi, ile chafu yenye madoa, na majirani walimletea ya kwao aipitie kabla ya kuipeleka kwenye chama cha ushirika. Kumbe macho yake yalikuwa yakififia naye hakutuambia. Tulijua siku baba alipofungua gunia la pamba safi akakuta fifi tele. Hakumgombeza. Alimshika mkono akasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

"Nikipumzika nitafanya nini?" Bibi akauliza.

Kupumzika huko ndiko kulikommaliza. Mama alimwondolea sufuria, shangazi akamkataza kwenda kisimani, kila mmoja kwa nia njema. Kanisani akaacha kwenda, maana aliona aibu kusalimiwa asijue anasalimiwa na nani. Ugali aliumega mara mbili tu, akasukuma sahani. Watu wazima walisema ni uzee. Mimi nilipewa kazi ya kuketi naye kila alasiri, na ni kwangu tu alikobakiza maneno. Alinitajia ng'ombe wa mahari yake mmoja mmoja, kwa rangi zao, kana kwamba wanapita mbele yetu.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walianza kuingia vijijini kushindana na chama. Alasiri moja lori lao lilisimama njia panda likipiga muziki, watoto wote wakakimbilia huko. Bibi alikuwa katikati ya habari ya njaa iliyomkuta utotoni. Nikainuka, nikanyata, nikaenda. Niliporudi jua lilikuwa limeshuka, naye alikuwa bado anaongea, uso ameuelekeza kwenye kigoda changu. Mlangoni shangazi na jirani walikuwa wakicheka, wameziba midomo kwa vitenge.

"Mama, unaongea na nani? Kabula hayupo muda mrefu!"

Bibi akapapasa kigoda taratibu kwa kiganja chake. Nikamshika bega. "Bibi, nimerudi."

"Nenda ukacheze, mjukuu wangu. Sina la kusema."

Afadhali angenikasirikia. Aliishi misimu miwili zaidi, na kila nilipomwomba aimalize habari ile, alisema ameisahau. Alifariki wakati wa mavuno ya mpunga. Msibani watu walimsifu kuwa alikuwa mzee mtulivu.

Siku hizi wazee wengi wa kwetu hutolewa mtoto wa jicho wakarudi nyumbani wakitembea wenyewe. Huenda Bibi naye angepona, lakini hatukumpeleka popote. Baba sasa ana presha ya macho, na kiza kilichokwisha kumwingia hakitatoka. Nampeleka kliniki, namtia dawa ya matone. Mwezi uliopita nilimuuliza, "Baba, macho tumeshayapima. Moyo wako je?"

Alivua kofia, akafunika uso wake nayo. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

"Naogopa, Kabula," akasema. Kisha akaanza kunieleza.