Noti ya Mama na Onyo la Polisi wa Bruxelles

Kwetu Bukavu walisema mtoto wa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hawezi kumaliza masomo Ulaya. "Ataosha vyombo mpaka azeeke," alisema jirani mmoja, na wengine wakacheka. Basi nawaandikia mliocheka na mliosali: nilimaliza. Miaka mitatu ya uuguzi, kwa Kifaransa, huku nikifanya kazi kila wikendi, na sikurudia mtihani hata mmoja. Mama alikuja Bruxelles kuniona nikipokea diploma. Safari ninayosimulia ni ya siku hiyo.

Saa tano na nusu asubuhi tulipaswa kutoka Berchem-Sainte-Agathe, nilikokuwa nikiishi. Sherehe ilikuwa saa saba, Ixelles, upande wa pili wa jiji. Jina langu linaanza na B, kwa hiyo ningeitwa mapema. Lakini Mama alibadilisha kikwembe, kitenge cha kujifunga, mara tatu. Tuliondoka saa sita na robo, kwa gari nililonunua kwa jasho langu.

Njiani nilikanyaga mafuta. Hatukuwa tumefika mbali pikipiki ya polisi ilipotupita na kuniashiria nisimame kando. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke wa makamo.

"Bonjour, monsieur. Hapa ni trente. Ulikuwa quarante-six. Unakimbilia wapi?" Kikomo kilikuwa kilomita thelathini kwa saa; mimi nilikuwa arobaini na sita.

Kabla sijajibu, mkono wa Mama ukapita begani kwangu kutoka kiti cha nyuma, na noti ya euro ishirini iliyokunjwa.

"Maman polisi, ya maji," akasema kwa Kiswahili, akitabasamu vizuri sana.

Kwetu polisi wa barabarani akikusimamisha unampa ya maji, mnaagana kwa amani. Kule noti hiyo ingeweza kunifikisha mahakamani, na muuguzi mwenye kesi ya rushwa nani atamwajiri?

"Maman, rudisha hiyo makuta, hiyo pesa!"

"Kwani iko kidogo? Niongeze?"

"Hii ni ya nini?" polisi akaniuliza, uso umekauka.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ananilipia mafuta. Niliumeza.

"Ni ya kukuhonga, madame. Mama amefika wiki iliyopita kutoka Congo. Kwetu mshahara wa polisi unachelewa, na watu wanatoa kitu kidogo. Hajui sheria za hapa. Mwendo ni kosa langu mimi. Leo napokea diploma, na tumechelewa."

Alimtazama Mama, kikwembe chake cha sherehe, kitambaa kilichofungwa juu kama taji.

"Mwambie arudishe pesa yake mkobani. Diploma ya nini?"

"Ya uuguzi."

"Basi unajua mtoto anayevuka akigongwa na gari la mwendo huo anakuwaje."

Nilijua. Nilikuwa nimewahudumia.

"Nakupa onyo. Trente, monsieur, hata ukichelewa. Na madame, félicitations."

Akaondoka. Mama akaniinamia.

"Anasema nini?"

"Anakupongeza."

"Na makuta?"

"Amekataa."

"Amekataa? Muzima kabisa, amekataa?" Mpaka Ixelles sikuzidisha trente hata mara moja.

Saa saba na dakika kumi tuliingia ukumbini tukihema. Walikuwa wakimaliza A. Nilipoitwa, Mama alipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akasita na diploma mkononi.

Sasa nimerudi Bukavu, nafanya kazi hospitalini, na diploma iko sebuleni ndani ya kioo ninachokifuta mwenyewe. Lakini Mama, akipima sambaza sokoni, hasemi habari za karatasi hiyo. Anawaambia wateja: "Banamuachilia bure, mama! Bila hata franc! Mutoto yangu alisema ukweli, ule polisi akamusikia."

Mwanzoni niliudhika. Nilimletea diploma ya kujivunia, naye akachagua zile dakika nilizoogopa kuliko zote maishani. Siku hizi namwacha asimulie. Diploma niliipata kwa kusoma, nikijua nitaipata. Ule ukweli niliutoa bila kujua ungetufikisha wapi.