Gari Ambalo Mama Mkwe Hakulipanda

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na kwa kuwa sasa umeajiriwa ofisi ya ununuzi huko Mbale, nakupa uende nayo. Nilikuwa msichana tu, nimetoka Walukuba kwa baba yangu askari magereza, nimeanza kazi kama hiyo yako hapa Jinja. Halmashauri ilikuwa imempa mzabuni mmoja kazi ya kuwabeba wajawazito wa vijiji vya Budondo hadi hospitali ya mjini. Gari zuri, dereva mzaliwa wa palepale, anajua kila njia. Lakini akina mama wengine walilikataa likiwa mlangoni, wakapanda baiskeli. Ofisini tukasema hao ni wakaidi, labda wanataka gari kubwa zaidi. Nikaanza kuandika masharti ya zabuni mpya: gari refu, viti laini, tena na king'ora. Ujana una raha zake.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Okello, zamani mtunza ghala jeshini, na mji mzima ulimwita Afande. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Wewe unanunua gari, ama unanunua mama kufika hospitali?" akaniuliza. "Enda Budondo. Uliza wenye wanapanda."

Nilinuna, nakwambia. Kuuliza si ujinga, ila aliyetoka chuo juzi huona uzito. Nikaenda hivyo hivyo. Tukawaita akina mama, mkunga, mwenye gari na waendesha boda, wote pamoja mchana kweupe, asije mtu akasema mwenzake alinong'onezewa tenda.

Kwa muda mrefu walisifu gari na kutushukuru, maana mgeni hasemwi vibaya mbele yake. Kisha akasimama Mama Tenywa, mjane wa polisi, na Kiswahili chake cha kambini.

"Gari ilikuja kuchukua binti yangu," akasema. "Lakini dereva ni mkwe yangu, ndiye bwana yake. Mimi nitakaa na yeye ndani namna gani? Na binti anasema bila mama haendi. Tulienda na baiskeli, mtoto akazaliwa kwa njia. Huyo alipona. Sasa ana mimba tena, na dereva ni huyo huyo."

Hakuna aliyecheka. Mila za huku unazijua, na huko Bugisu ulipo ni vivyo hivyo: mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani, sembuse kukaa gari moja. Na kijana wa Budondo aliyeoa Budondo ana wakwe kila upande. Sifa tuliyoipenda kwa dereva yule ndiyo iliyowaacha akina mama barabarani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu.

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Waendesha boda wakasema wao ni wengi, hawawezi wote kuwa wakwe wa mama mmoja. Mwenye gari, ambaye nilidhani atakasirika, akasema ana fundi wa kuunda vigari vya kukokotwa na pikipiki, mama alale na msindikizaji wake akae kando. Mkunga akajitolea kuwafundisha waendesha boda namna ya kumbeba mjamzito. Zabuni tukaitangaza upya, wazi kwa kila mtu, na sharti kubwa likawa moja: malipo ni pale mama anapofika salama, na mama ndiye anayechagua wa kumbeba. Wale wa Budondo, waendesha boda na mwenye gari, wakaomba kwa pamoja na wakashinda kwa haki.

Siku ya binti wa Mama Tenywa ilipofika, nilikuwa getini hospitali kwa kazi nyingine. Pikipiki ikaingia, ikiendeshwa na mwenzake yule dereva mkwe, binti amelala kwenye kigari, mama yake amemshika mkono. Mbali nyuma yao nikamwona mkwe mwenyewe kwa pikipiki nyingine, amebeba beseni na nguo za mtoto, anasimama kila wanaposimama ili mama mkwe akigeuka asikutane naye uso kwa uso. Nilicheka, kisha nikalia. Afande nilipomsimulia alisema tu, "Sasa umenunua."

Basi hesabu ni hiyo. Umeniambia unaandika masharti ya huduma kama ile kwa watu wa Nakaloke huko Mbale. Usiandike kwanza ukauliza baadaye. Kaa na watakaotumia na watakaoitoa, wote mbele ya wote, na ukisikia wanasifu tu, usiondoke. Aliye na neno bado hajasimama. Andika unachotaka kitokee, halafu waachie nafasi wakuonyeshe njia. Unaweza, nakufahamu.

Mungu akupe subira ya kusikiliza hadi wa mwisho. Na kila mama utakayemwandikia afike salama, mkono wake umeshikwa na yule aliyemtaka.