Karanga za Ziwani

Nilipokuwa mtoto pale Kakuma, niliamini kabisa kwamba mbuzi wetu wanajua kila kinachoingia tumboni mwangu. Aliyenitia imani hiyo ni Ata, maana ndivyo sisi Waturkana tunavyomwita bibi. Alikuwa mama yake baba, na sheria yake ilikuwa moja, wala hakuchoka kuirudia: anayekula samaki asiguse maziwa, kwa sababu siku atakapoyanywa, mbuzi atakauka. Mbuzi tulikula, kondoo tulikula, ngamia tulikula akipatikana. Punda pia tulikula, tena kwa furaha, na hapo ndipo mimi mwenye mdomo mrefu niliposhindwa kunyamaza. Nilimuuliza Ata kwa nini punda anayetubebea maji analiwa, na samaki ambaye hajatubebea chochote haliwi.

"Punda namjua, na mama yake namjua," alinijibu. "Samaki anachungwa na nani?"

Nyama yote iliyoingia kwenye sufuria yetu ilikuwa ya mnyama mwenye jina na chapa, mnyama tuliyemtafutia majani na kumchimbia maji kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Kwa Ata, kumla mnyama usiyejua kwao ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya mtu na kufunua chungu chake bila kubisha hodi.

Mama alikuwa akiuza kuni kambini kwa wakimbizi. Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Furaha, mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu aliyetoka Kongo, na binti yake Furaha akawa rafiki yangu. Kiswahili changu cha kwanza ni kile chao. Cha shule kilikuja baadaye na kunikuta nimeshaharibika. Siku moja Furaha aliniuliza kama ni kweli tunakula punda. Nilipokubali alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akanieleza habari za simbilisi ambao bibi yake aliwafuga jikoni huko kwao, wanyama wadogo wanene wasio na mkia, watamu kuliko kuku. Nikaona anazungumzia panya, ikawa zamu yangu kujiziba mdomo. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Basi siku hiyo nilikuwa na njaa. Mama Furaha alikuwa amekaanga samaki wadogo, hawa tunaowaita omena na yeye akawaita ndagala, kwa nyanya na pilipili nyingi. "Kuya kula, mwana," aliniambia, akanisogezea ugali. Ningeweza kusema kwamba nilisita, lakini nitakuwa nadanganya. Nilikula vichwa, nikala macho, nikaramba vidole. Jioni Ata aliponipa kikombe changu cha maziwa nilikinywa chote, kwa sababu kukikataa kungekuwa kujishtaki mwenyewe.

Mbuzi wetu wa maziwa siku hizo alikuwa mmoja tu, Nakwang, aliyeitwa hivyo kwa weupe wake. Wengine baba alikuwa amehama nao kufuata majani upande wa Lokiriama. Na maziwa yale hayakuwa yangu hasa. Mama alikuwa ameugua baada ya kujifungua na titi lake likapungua maziwa, hivyo mdogo wangu Ewoi, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, aliishi kwa Nakwang. Siku ya nne baada ya karamu yangu, Ata alirudi kutoka zizini na kibuyu kikiwa na matone tu. Siku ya tano kilikuwa kitupu.

Ewoi alilia mchana kutwa. Mama alimpa maji yenye sukari, akanyamaza kidogo, akaanza tena. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nikijua kwamba nimemuua ndugu yangu kwa sahani moja ya samaki. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata nilipokuwa mtu mzima na nikawa na mambo ya maana ya kuogopa. Kumwambia Ata sikuweza. Nikakimbilia kwa Mama Furaha na kumwaga yote, machozi na makamasi pamoja.

Hakucheka. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akauliza, "Sasa ule mutoto anakula nini?" Bila kungoja jibu aliinuka, akatwanga ndagala wakavu mpaka wakawa unga, akauchanganya na unga wa mahindi wa mgao wake, akajifunga leso na kunifuata mpaka nyumbani.

Ata hakujua Kiswahili na Mama Furaha hakujua Kiturkana zaidi ya salamu ya "ejok". Mkalimani nilikuwa mimi. Mama Furaha akaweka mfuko miguuni pa Ata, akasema ni unga wa uji wa mtoto, mahindi na ndagala, upikwe polepole. Ata akanitazama. Nikatafsiri: mahindi na karanga.

Ata alifungua mfuko, akaingiza pua, akavuta pumzi. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko mtu anayenusa unga. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hizi karanga nazijua," alisema taratibu. "Nimekulia kwenye hizi karanga. Mwambie mama yako aweke maji motoni."

Ewoi alikunywa uji ule mpaka tumbo likawa ngoma, akalala mdomo ukiwa wazi. Mama Furaha alipotaka kuondoka, Ata aliingia ndani akatoka na kipande kikubwa cha nyama kavu na kumkabidhi. Mimi nikaanza kusema kwa Kiswahili kwamba ni ya mbuzi, lakini Ata, ambaye hakujua lugha ila alinijua mimi, alinishika bega. "Mwambie ni punda. Uongo mmoja kwa siku unatosha." Nikasema. Mama Furaha akaangua kile kicheko chake, akaifunga nyama kwenye leso na kushukuru. Kama waliila au walimpa mbwa, Furaha hajawahi kukubali kuniambia.

Jua lilipokuwa linazama Ata, ambaye uongo wangu wa karanga ulikuwa umemweleza yote, alinipeleka kwa Nakwang. Alinisukutulisha maji na kunitemesha kuelekea magharibi, ili kosa lizame na jua. Kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya tumbo la mbuzi, nikahisi kitu kinasukuma.

"Ana mimba," alisema. "Angekauka hata ungekula mawe."

Nililia kwa kufarijika, kisha nikakasirika. Kama ni hivyo, nikamuuliza, sheria ya nini? Akanieleza kwamba alizaliwa kando ya ziwa, na samaki ndiye aliyemkuza. Siku watu wa babu walipoleta mifugo ya kumwoa, alikubali kuishi kama watu wenye mifugo wanavyoishi, na tangu siku hiyo hajaonja.

"Mbuzi hajui nilichokula," alisema. "Ila mimi niliwaambia watu wa babu yako sitakula."

Sasa naishi Kanamkemer, mjini Lodwar, na samaki wa ziwani hawakosekani mezani kwangu. Ewoi ni mwanamume mrefu mwenye boda boda yake, na akila tilapia haachi hata mfupa wa kumtupia paka. Furaha ana duka Kalobeyei. Tukikutana bado ananiita mla punda, nami namuulizia panya wake. Zamani nilidhani watu hukataa mnyama kwa sababu ya uchafu au woga. Siku hizi naona mara nyingi ni ahadi tu, na aliyepewa ahadi huenda alishakufa zamani.

Ata bado yupo, macho yamefifia. Ninapokwenda kumwona Kakuma sigusi samaki siku mbili kabla, na asiniulize mtu kama naamini. Mwezi uliopita aliponikaribisha alishika kibuyu bila kumimina.

"Samaki umekula lini?"

"Jumamosi, Ata. Leo ni Jumanne."

Akanivuta karibu, akashika leso niliyokuwa nimejifunga nikienda sokoni kununua samaki Jumamosi ile na ambayo sikuwa nimeifua. Akaiweka usoni, akavuta pumzi, akakaa hivyo. Sikujitikisa. Alipomaliza aliiachia, akainyoosha begani pangu kwa kiganja, kisha akanimiminia maziwa.