Mto Ulionyooshwa

Mvua imenyesha juu ya saruji mbichi nje ya stesheni ya treni ya Walthamstow, huku ughaibuni, na harufu yake imenirudisha mtoni, kisiwani kwetu.

Zamani mto ule ulipinda nyuma ya nyumba yetu. Mvua ikinyesha vilimani, maji yaligeuka mekundu kwanza, kisha yakapanda taratibu, na mama akapata wasaa wa kukusanya vyombo vyake. Halafu wakaja mafundi, wakaunyoosha, wakaujengea kuta za saruji. Walisema sasa maji yatakwenda mbio. Walisema kweli.

Mama aliendelea kuoshea vyombo mle mle. Mimi nilikaa juu ya ukuta, kazi yangu kushika sabuni isije ikachukuliwa na maji.

Siku ile maji yakageuka mekundu.

"Mama, panda juu."

"Bado, mwanangu. Ngoja nisuuze sufuria hili."

Nikasikia mngurumo kule juu ya mto. Mama naye akausikia. Akauparamia ukuta, lakini saruji ilikuwa laini, vidole vikateleza.

Maji yalipopita, niliita mpaka sauti ikakauka. Sabuni nilikuwa bado nimeishika, kama alivyoniagiza.