Honi ya Milio Miwili

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyochinja mbuzi ili baba yako na mjomba wako Ekiru waache kugombana juu ya barabara. Hukuwa umezaliwa. Nakuhadithia leo kwa sababu jana, ulipokuja kunionyesha leseni yako, ulisema wenye baiskeli wa mtaa wetu huwezi kuwasumbua, unawajua wote. Nilicheka kwa mdomo tu. Usiku usingizi ulinikataa.

Miaka hiyo ya sabini lami ilikuwa inaishia hapa Isiolo. Lori likitoka Marsabit limepigwa na mawe safari nzima, na likigusa lami pale juu ya mji dereva anafungua mwendo kama mtu aliyetoka jela. Baba yako alikuwa mmoja wao. Ekiru, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa anapelekea mahoteli maji kwa baiskeli, mitungi imefungwa kwenye keria, mingine inaning'inia kando. Na ile lami ilikuwa imeinuka, ukingo wake umekatika. Baiskeli yenye maji ikishuka pale inaanguka, na kazi ya asubuhi nzima inamwagika. Madereva hawakujua hilo, au hawakutaka kujua. Wao walipiga honi, basi, wamemaliza.

Sasa hawa wawili walikuwa wanakula kwangu, sufuria moja.

"Shemeji, unanipigia honi kama mimi ni punda," Ekiru alikuwa akisema.

"Hata punda anatoka njiani," baba yako anamjibu, na anaendelea kutafuna.

Mwanzoni walicheka. Halafu wakaacha kucheka. Siku moja Ekiru aliangushwa na honi ya baba yako, mkono ukateguka, akaja kumngoja baba yako mlangoni kwangu na jiwe mkononi. Nililia mpaka akaliweka chini. Ndipo tukachinja mbuzi, na baba yako akaahidi mbele ya watu kwamba akimwona Ekiru atapunguza mwendo amzunguke. Honi yake ilikuwa ya milio miwili, aliifunga mwenyewe, hakuna lori lingine mjini lililokuwa nayo.

"Ukisikia hiyo, shemeji, usishuke," akasema. "Ni mimi."

Tulifurahi sana. Ni babu yako tu, baba yangu mimi, aliyekataa nyama. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake kidogo cha mti, akauliza, "Na wale madereva wengine, mbuzi wao yuko wapi?"

Nikamwambia, mzee, kula, usituharibie siku.

"Mmepatana watu wawili," akasema. "Barabara ina watu wangapi?"

Nikaona ni uzee unamsumbua.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Ekiru akisikia ile milio miwili anainua mkono bila kugeuka, na lori linamzunguka. Watu walipenda kutazama. Wenye baiskeli wengine waliendelea kuangushwa, na sisi, Mungu atusamehe, hatukuwafikiria.

Halafu malaria ikamlaza baba yako. Tajiri mwenye lori hakungoja apone, alimpa dereva mwingine, kijana mgeni. Asubuhi moja nilikuwa nampa baba yako uji tukasikia ile honi upande wa barabara ya Marsabit. Akatabasamu.

"Gari yangu imefika," akasema.

Mama mmoja aliyekuwa anauza maziwa kando ya barabara ndiye aliyeniambia. Ekiru hakushuka, hakugeuka. Aliinua mkono kumsalimia shemeji yake. Yule kijana alikuwa amepiga honi kama dereva yeyote, akidhani mtu atatoka.

Baba yangu hakunikumbusha maneno yake hata siku ya mazishi ya Ekiru. Angenikumbusha, afadhali ningepata mtu wa kumkasirikia. Baba yako alirudi kazini kwa sababu dada zako walitaka kula, lakini ile honi aliifungua akaitupa, na mpaka leo hawezi kulitaja jina la Ekiru.

Nimewaambia vijana wengi haya kabla yako. Wananiitikia, "Sawa, mama," halafu hata hawajafika sokoni nasikia honi. Sidhani wewe utakuwa tofauti, nakuambia ukweli. Nimechoka kutumaini. Lakini wewe ni mwanangu, nitasema tena. Usipishe mtu kwa sababu tu unamjua. Unayemjua ni ndugu, utamhurumia bila kufundishwa. Mtu wa kufundishwa kumpisha ni yule usiyemjua jina wala kabila, mwenye mzigo nyuma, asiyeweza kushuka. Punguza mwendo kwanza, honi baadaye.

Haya, nenda. Mungu akulinde barabarani. Na siku utakapokuwa kwa miguu, mwanangu, akukutanishe na dereva asiyekujua kabisa, naye akupishe.