Mzee wa Aproni

Mchora mabango alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa mteja wala kwa ndugu: skini haifutwi kabla nakala yake haijahifadhiwa. Skini ni sura na mavazi anayovishwa mhusika wa gemu, na ukiweka mpya, ya zamani inapotea. Wachezaji waliojaa kwenye chumba chake cha gemu, nyuma ya karakana, walimwita Rangi Mbili. Kwenye mabango alibania rangi kama chumvi ya mgonjwa, lakini wapiganaji wake wa kwenye kompyuta aliwamwagia dhahabu kuanzia kofia hadi visigino, na kila mchezaji aliwataka.

Ndipo mdogo wa mke wake, fundi wa kuchomelea vyuma, akaomba mpiganaji mmoja ajaribu. Rangi Mbili alimpa mpiganaji mmoja mzee ambaye hakuna aliyemchagua, akamwelekeza namna ya kupaka na kuweka. Shemeji hakuwa na kompyuta. Alikuja kila akitoka kazini, akachora palepale, akafuta, akarudia. Alimvika mzee aproni iliyotobolewa na cheche, akamwinamishia kofia, akampa tabasamu la upande mmoja. Mzee sasa alikuwa marehemu baba yao, yeye na dada yake, aliyefariki kabla Rangi Mbili hajaoa. Picha pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kitambulisho, tena imefifia.

Tangu hapo wachezaji wakawa wanamgombea mzee. Rangi Mbili alisema aproni imepakwa ovyo. Mmoja akamjibu bila kugeuka, "Chema chajiuza, bosi. Hao wako wametembezwa mpaka viatu vimeisha."

Chumba kikacheka. Hilo alilimeza. Lililomkwama ni mke wake. Miaka yote hakuwahi kukanyaga mle. Sasa alikuja, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akamtazama mzee akitembea, akamwambia ndugu yake kwamba hata mabega ni ya baba. Dhahabu ya mumewe ilikuwa hapohapo pembeni. Hakuiulizia.

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Rangi Mbili alimfunika mzee kwa skini mpya ya dhahabu. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa nayo. Nakala hakuweka, na si kwamba alisahau.

Shemeji alipofika na kuona, alicheka. "Umeniweza, shemeji. Haya, mrudishe mzee."

Rangi Mbili akajifanya anapanga nyaya.

"Nakala si ipo?"

"Haipo."

"Mimi sikuweka yangu," shemeji alisema taratibu. "Wewe si hufuti bila nakala?"

Rangi Mbili akasingizia mashine, na mashine haikuwa na mdomo wa kujitetea. Mke wake aliposikia hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unamwonea wivu marehemu?"

Mtu mwenye hatia ndogo angejibu. Yeye alirudi chumbani akajaribu kumchora mzee upya. Aproni aliipata, kofia aliipata. Tabasamu hakuliweza, maana hakuwahi kuliona usoni pa marehemu mwenyewe, na shemeji alikataa kumwelekeza. Alisema lilimjia mara moja tu, na mkono wake hauwezi kulirudia.

Chumba bado kinajaa. Shemeji hajachora tena, mke hajaingia tena mle, na watoto wa wale ndugu wawili hawataijua sura ya babu yao.